SOMO: Tuandike Historia ya Walinzi wa Maji



Hapa Rapsu tunajua kwamba maji hayajilindi. Kabla ya kamati za mifereji, Waborana walikuwa na utaratibu wao. Konfi ndiye msimamizi wa kisima, kwa kuwa yeye au babu yake ndiye aliyeanza kukichimba. Abba herega hupanga zamu: nani anyweshe mifugo leo, nani kesho. Wazee wa dedha huamua malisho gani yatumike na yapi yaachwe akiba ya kiangazi.

Lakini majina ya walinzi hao na mapatano yao na majirani yako vichwani mwa wazee tu. Tukiwazika kabla ya kuwauliza, tutabaki na kisima bila kujua kilichimbwa na nani. Hapo ugomvi huanza. Tena, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatambua haki za kimila. Siku ya kuandikisha ardhi, jamii yenye maandishi yake itajieleza vizuri zaidi.

Basi tufanyeje?

1. Chagueni wawili: mmoja aulize, mwingine aandike. Ombeni ruhusa kwa mzee, aongee Kiborana chake. Akina mama nao waulizwe, maana maji ya nyumbani ni wao wanayateka.

2. Nendeni naye mpaka kisimani au mtoni. Mahali penyewe humkumbusha mtu mengi.

3. Msimbane kwa mwaka. Ulizeni: ilikuwa gada ya nani? Gada moja ni miaka 8. Akisema ya Jaldesa Liban, hiyo ni 1960 hadi 1968. Ama ulizeni: ilikuwa kabla ya Gaf Daba, yaani vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, au baadaye?

4. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote. Msiamue nyinyi.

5. Msomeeni mzee mliyoandika, asahihishe. Asilotaka litangazwe, liacheni. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine shuleni.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni kisima gani karibu nasi ambacho vijana hawajui konfi wake?
- Zamu zetu za mfereji zinaweza kujifunza nini kwa abba herega?
- Ni mzee yupi tutamtembelea kabla ya mkutano ujao?

Msiseme "tutaanza mwakani." Daftari moja na kalamu vinatosha kuanza wiki hii.