Vanila Ipate Pa Kushika

Vanila hupanda mti kwa vijizizi vinavyotoka kwenye mafundo yake. Vikikuta nguzo kavu, havishiki.

Chimbia nguzo yako kivulini, ibaki futi tano juu ya ardhi. Izungushie makumbi ya nazi, ufunge kwa kamba, halafu uyaloweshe maji. Liegemeze lando, ulifunge kwa kamba ya mgomba, lakini usikaze. Likifika juu lirudishe chini, maana maua yake utayachavusha kwa mkono.

Wengine wanapanda Uluguru kubandua yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya magogo. Hapana! Msitu ule ni hifadhi, na manyoya yale hushika maji ya ukungu yanayolisha vijito vyetu mpaka mto Ruvu. Makumbi si tunayatupa kila siku? Yakianza kuoza, ongeza mengine juu yake.