Ng'ombe Wako Aingie Kundi Gani?

Kila mwaka chama chetu cha kilimo hupeleka wanyama katika maonyesho ya kilimo ya kaunti, na kila mara tukirudi twaulizwa, "Mmeshinda?" Hakuna anayeuliza, "Mliingia kundi gani?" Mimi nimemchunga Zawadi, ng'ombe wa shule yetu, tangu nilipokuwa Kidato cha Pili, na naona kwamba swali hili ndilo la kwanza. Mwaka 2023 Zawadi nusura auzwe kwa mwenye bucha kwa sababu sisi hatukujiuliza.

Zawadi tulipewa na mzazi mmoja mwaka 2022, akiwa ndama, bila karatasi yoyote. Rangi yake ni nyekundu, na tumboni ana mabaka meupe. Katika kitabu chetu cha kilimo mna picha ya ng'ombe wa Ayrshire, mwekundu mwenye mabaka meupe, basi sisi tukaona jambo limekwisha. Tukaandika katika fomu: Ayrshire, mtamba, umri chini ya miezi 24. Tulimzoeza kutembea kwa kamba kwa muda wa wiki sita, tukamwosha kwa sabuni, tukamsugua kwato hata zikang'aa.

Siku ya maonyesho waliingia uwanjani mitamba tisa. Mwamuzi, mzee mmoja mpole aliyevaa kofia, alipita polepole, akamfikia Zawadi, akaweka mkono juu ya bega lake mahali palipoinuka kidogo, kisha akaishika ngozi iliyoning'inia chini ya koo. Hakusema neno. Zawadi akawa wa tisa. Nilipokuwa nikimtoa uwanjani, mzee yule aliniita, akasema, "Mwanangu, mnyama wako hana kosa. Kosa liko katika fomu yenu."

Sikumwelewa. Tulirudi shuleni tumenuna, na katika muhula wa tatu chama kikakutana kujadili kama Zawadi auzwe na fedha zinunue kuku. Kura zilipopigwa mimi niliinua mkono upande wa kuuza, na leo naona haya kuliandika jambo hilo. Aliyemwokoa ni mzee anayetunza mifugo ya shule. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Wanangu, huyu ana mimba ya miezi mitatu, na jua lote hili hamjamwona akihema. Mnauza nini?" Mwalimu wetu wa kilimo akasimamisha shauri hilo, akampigia simu yule mzazi. Kumbe mama yake Zawadi ni Ayrshire, na baba yake ni fahali wa Sahiwal. Ilihitajika simu moja tu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeipiga.

Sasa nieleze tuliyojifunza. La kwanza la kutazama ni kazi ya mnyama, wala si rangi yake. Ng'ombe wa maziwa ukimtazama kutoka ubavuni ana umbo la kabari: mbele mwembamba, nyuma mpana. Shingo yake ni nyembamba, mbavu zimeachana, nyonga zinaonekana, na nyama ni chache. Mgeni aweza kudhani ana njaa. Mwamuzi huinama atazame kiwele: kimeshikwa vizuri juu na mwili, au kinaning'inia? Chuchu nne zinalingana? Mishipa ya maziwa imejitokeza chini ya tumbo? Ng'ombe wa nyama ni kinyume chake. Umbo lake ni kama sanduku, mgongo mpana ulionyoka, na mapaja yamejaa hata chini. Boran, ambaye asili yake ni nchi ya Waborana kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya, ni mfano mzuri. Mpeleke Boran bora kabisa katika kundi la Friesian, naye atakuwa wa mwisho. Mpeleke Friesian katika kundi la Boran, mambo yatakuwa yale yale. Mwamuzi halinganishi uzuri tu. Anamlinganisha kila mnyama na kazi ya kundi lile.

Katikati ya hao wawili wako wanyama wa kazi mbili, maziwa na nyama, na hapo ndipo tulipopotea. Sahiwal ni ng'ombe mwenye nundu, asili yake Punjab, katika sehemu ambayo leo ni Pakistan. Waliletwa Kenya kuanzia mwaka 1939, na tangu mwaka 1962 wanatunzwa na kuzalishwa katika kituo cha serikali huko Naivasha. Hustahimili joto na kupe, na hutoa maziwa hata malisho yakiwa duni. Ile ngozi ya koo na ule mwinuko wa bega, ambavyo katika kundi la Ayrshire vilikuwa aibu yetu, ndivyo vilivyomwezesha Zawadi kulisha mchana kutwa huku kwetu penye jua kali.

Nilipokuwa nikitafuta habari hizi maktabani nilikuta kwamba huko Uingereza hata farasi wa maonyesho hugawanywa hivyo hivyo. Yuko aitwaye cob, mnene, imara, mwenye miguu mifupi, ambaye hapaswi kuzidi sentimita 155 begani. Akizidi, ana kundi lake jingine. Yuko na hack, mwembamba wa madaha na mwendo laini. Mwenye cob akitamani kuwa na hack, kumsuka nywele hakutamgeuza. Nilicheka peke yangu, nikakumbuka sabuni yetu.

La pili ni damu, nalo ni hesabu tu. Ayrshire akizaa na Sahiwal, mtoto ni nusu kwa nusu, naye huitwa chotara. Chotara huyo akipandishwa tena kwa Ayrshire, mtoto wake ana 3/4 ya Ayrshire. Kizazi kifuatacho 7/8, kisha 15/16. Lakini hesabu ya kichwani haitoshi. Kenya Stud Book, daftari la nasaba lililoanzishwa mwaka 1920, huandika vizazi hivi hatua kwa hatua, na asiyeandikwa hawezi kudai ukoo kwa maneno matupu.

La tatu ni umri. Kitabu cha mashindano hueleza mnyama awe amezaliwa baada ya tarehe gani, naye asiye na cheti hufunguliwa kinywa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ya chini ni manane. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota akikaribia miaka miwili, ya pili karibu miaka miwili na nusu, ya tatu karibu miaka mitatu, na ya nne kati ya miaka mitatu na nusu na minne. Mwaka 2023 tuliona mtamba mmoja mzuri mno akirudishwa mlangoni kwa sababu alikuwa na meno mapana manne katika kundi la walio chini ya miezi 24. Mvulana aliyemleta alilia, na mimi sikumcheka.

Zawadi alizaa Aprili 2024, akatupa lita 10 kwa siku, na chai ya mabwenini ikabadilika rangi, mashahidi ninao. Mwaka huo tulimwingiza kundi la chotara wenye maziwa. Walikuwa kumi na mmoja, naye akawa wa tatu. Mwamuzi alisifu miguu yake, akasema chuchu za nyuma hazilingani, nasi tukakubali kwa sababu ni kweli.

Sasa tunaye binti yake, aliyezaliwa kwa mbegu ya fahali wa Ayrshire. Hana nundu hata kidogo, na mabaka yake ni kama yale ya picha ya kitabuni. Fomu za mwaka 2025 zilipofika, wenzangu wa Kidato cha Pili walitaka aandikwe Ayrshire, wakanionyesha kitabu changu mwenyewe. Niliwaambia wahesabu: ana 3/4, wala hajaandikwa popote. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, mwalimu akacheka, akanipa kalamu. Nimeandika: chotara, mtamba, umri miezi 15.