Baridi yabisi: ni baridi au ni ukoo?

Jina linatudanganya, wanachuo wenzangu. Hata Njisi, kwenye joto la Kyela, mtu anaweza kuugua baridi yabisi. Hapa kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe.

Ukoo unachangia: aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, kwenye kromosomu ya 6, huongeza hatari. Ila siyo hukumu. Pacha wa kufanana wana jeni zilezile, lakini mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Sigara nayo huzidisha hatari kwa mwenye jeni hizo.

Basi kama bibi ana vidole vilivyopinda, usiseme karogwa, wala usikate tamaa. Achana na sigara. Vidole vikivimba na kukakamaa kila asubuhi, wahi hospitali: tiba ya mapema huokoa viungo.