Wino Ghushi wa Printa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Mjini Ahero, barabara ya Kisumu kwenda Nairobi hukutana na ile ya Kisii, na bidhaa za kila aina hupitia sokoni. Walimu huchapisha mitihani, wazazi huchapisha kazi za watoto, na wenye saiba huchapisha vyeti vya KRA na fomu za eCitizen. Wote hununua wino, na wino ghushi huwatia hasara wote.

Ghushi ni ipi?
Katriji iliyojazwa upya, au ya kampuni nyingine inayouzwa kwa jina lake yenyewe, si ghushi mradi muuzaji aseme wazi. Ghushi ni ile iliyobandikwa nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza.

Hasara zake
Wino mbaya huziba vitundu vya kichwa cha kuchapishia. Katika baadhi ya printa kichwa hicho kimo kwenye katriji, hivyo katriji mpya hutosha. Katika nyingine kimo ndani ya mashine, na kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya printa mpya. Tona ghushi nayo huvuja unga. Ukimwagika, upanguse kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji moto huugandisha.

Kabla ya kulipa
1. Linganisha bei. Ikiwa chini mno kuliko kwingine, uliza sababu.
2. Kagua kisanduku: maandishi yenye makosa, gundi iliyobanduliwa, au alama ya usalama isiyobadilika ukiiinamisha.
3. Kagua katriji: isiwe na mikwaruzo, wino au unga kwa nje.
4. Dai risiti.

Sheria inasemaje?
Chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya thamani ya bidhaa kwa bei ya rejareja, au yote mawili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora na kulipwa fidia akipata hasara. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha dai hilo.

Ukishuku umeuziwa ghushi, acha kuitumia, hifadhi katriji, kisanduku na risiti, kisha uripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi (ACA). Na kisanduku halisi kikiisha kazi, kirarue kabla ya kukitupa, kwa sababu walaghai huviokota na kuvijaza bidhaa bandia.