Basi Lichelewalo Kuinuka

SWALI: Basi langu, lifanyalo safari baina ya Migori na Homa Bay kupitia Rongo, huchelewa kuinuka asubuhi. Fundi ataka paipu za milimita 6 za mifuko ya hewa zibadilishwe ziwe za 12, na vali kubwa pia. Nikubali?

JIBU: Usiharakishe, ndugu. Ni kweli kwamba paipu yenye kipenyo cha ndani maradufu ina njia pana mara 4. Lakini vali ya kusawazisha kimo, ile yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, imetobolewa tundu dogo kwa makusudi, isije ikajaza na kumwaga hewa kila gurudumu liingiapo shimoni, na maadamu dhiki ipo hapo, kupanua paipu peke yake ni kujenga lango la kasri mbele ya mlango wa banda la kuku.

Ukilazimika, paipu ya 8 kutoka tangini yatosha. Nayo hupimwa kwa nje, ndani kwa kawaida ni 6 tu. Vali ya kinga, ambayo huzinyima hewa mifuko mpaka breki zishibe, isiondolewe abadan.

Walakini basi lizembealo asubuhi na kutii mchana hunitia shaka ya uvujaji wa usiku. Jioni, tangi likiwa limejaa, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, hasa mifuko ikunjikapo chini. Kipovu kikivimba, japo kidogo kama jicho la omena, umempata mwizi wako.