Somo la Nyumbani: Magazeti ya Mwenzi Wako

Somo letu la safari hii latoka chini ya kitanda. Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, ukiinama na kumulika huko utakuta rundo la magazeti na majarida yaliyofungwa kwa kamba za mgomba. Ukiuliza ni ya nani utaambiwa, "Hayo ni ya Baba, usiyaguse." Katika nyumba nyingine ni ya Mama: majarida ya mishono, ya mapishi, ya malezi ya watoto. Mmoja huyaita mali, mwenzake huyaita takataka. Jambo hili laonekana dogo, lakini limepata kuleta maneno makali kati ya watu waliokaa pamoja kwa amani miaka thelathini.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, na tangu ujana wake hajapata kutupa gazeti. Siku moja ya masika kuni zililowa, maharage yalikataa kuiva, na wageni walikuwa wamekwisha fika. Nikaenda kwenye rundo lake, nikachomoa magazeti kama kumi ya chini kabisa, nikiwaza moyoni kwamba yaliyo chini ndiyo asiyoyahitaji. Moto ukawaka vizuri. Kumbe ndani ya moja alikuwa ameweka karatasi ya mauziano ya kibanja alichonunua marehemu baba yake, yenye sahihi za mashahidi wanne.

Hatukujua mpaka miaka miwili baadaye, jirani alipoanza kupanda migomba upande wetu wa mpaka. Tukaitafuta karatasi ile nyumba nzima. Mume wangu akafungua gazeti moja moja, ukurasa kwa ukurasa, ndipo nikakumbuka maharage yale. Kati ya mashahidi wanne, watatu walikuwa wamefariki. Huyo mmoja aliyebaki, mzee sana, aliletwa kwa pikipiki, akaonyesha mpaka mbele ya wazee, na shauri likaisha. Mume wangu hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu, na afadhali angenigombeza.

Baada ya siku hizo tatu alisema jambo la haki: kwamba hata yeye alikosa, maana karatasi ya kibanja si kitu cha kuwekwa ndani ya gazeti. Basi jambo la kwanza kujifunza ni hili: kabla ya kuondoa gazeti lolote la mwenzako, lifungue na kulikung'uta. Watu wetu huficha mengi humo. Utakuta cheti cha ubatizo, stakabadhi za kahawa, picha ya marehemu, barua, hata noti. Na vitu hivyo vikishapatikana, vitafutiwe mahali pake, katika bahasha moja ambayo wote wawili mnajua ilipo.

Yafaa pia kujua kwa nini mwenzako anayatunza. Wazee wetu walikua wakati ambapo karatasi iliyochapwa ilikuwa adimu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa likisomwa na mmoja huku wengi wakisikiliza. Kulitupa ilikuwa kama kutupa chakula. Katika miaka ya 1970, watu wazima walipofundishwa kusoma, lilitoka gazeti la Elimu Haina Mwisho kutoka Mwanza kwa ajili ya mikoa yetu ya Ziwa, na wakulima nao walikuwa na Ukulima wa Kisasa. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na watoto watatu hawezi kuliona gazeti kama wewe uliyezaliwa ukakuta vitabu nyumbani.

Tena yako magazeti ambayo ni kumbukumbu kweli. Likitaja Mkoa wa Ziwa Magharibi, ujue ni la kabla ya mwaka 1979, maana ndipo mkoa ulipoitwa Kagera. Magazeti ya mwishoni mwa 1978 yana habari za majeshi ya Idi Amin kuingia kwetu na daraja la Kyaka kuvunjwa. Kwa mtu aliyekimbia Kyaka akiwa kijana, habari hizo ni maisha yake mwenyewe. Hata mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4). Mtu hupenda maandishi yake. Lakini tuone pia kwamba alitaja hasa yapi. Hakuagiza kila kitu.

Hapo ndipo wenye marundo nao wanapopaswa kusikiliza. Tufanye hesabu kidogo. Jarida la kurasa 64 lina uzito wa gramu 160 hivi na unene wa milimita 3. Ukinunua moja kila juma kwa miaka 10, utakuwa na majarida 520. Huo ni uzito wa kilo 83, zaidi ya gunia la kahawa la kilo 60, na ukiyapanga moja juu ya jingine yatapita kifua cha mtu mzima. Nani anafagia kuzunguka mnara huo? Nani anauhamisha paa linapovuja? Mara nyingi si mwenye magazeti.

Na hapa kwetu paa huvuja. Mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na karatasi hunyonya unyevu hata pasipo kuguswa na maji. Rundo lililo sakafuni, limeegemea ukuta wa nje, huota ukungu, kisha huja mchwa kutoka chini. Nimeona rundo ambalo kwa juu lilikuwa zima kabisa, na lilipoinuliwa ndani palikuwa na udongo mtupu. Mwenye mali alikuwa amelilinda miaka kumi na miwili dhidi ya mke wake, na mchwa wakalila polepole bila ugomvi wowote. Juu ya kabati napo si mahali pake. Waliokuwa Bukoba siku ya tetemeko, Septemba 10, 2016, wanakumbuka jinsi vitu vya juu vilivyoshuka.

Basi mfanyeje? Kwanza msianze siku mmoja wenu ana hasira, wala siku ya usafi wa Krismasi. Ombeni nafasi kwa heshima. Mimi nilisema hivi: "Baba watoto, naomba tuketi na magazeti yako jioni moja. Sitatoa hata moja usilolisema wewe." Akajibu, "Na la kwako la mishono je?" Nikaleta la kwangu pia. Nawaambieni, hilo ndilo lililofungua mlango, kuliko maneno yote niliyokuwa nimeyapanga.

Sisi tulichukua tranka la bati lililobaki watoto walipomaliza shule ya bweni. Tulipatana kwamba yatakayoingia humo yatakaa, na hakuna atakayeyagusa, wala mimi wala wajukuu. Tranka likijaa, anayetaka kuingiza jipya atoe la zamani kwa mkono wake mwenyewe. Tuliliweka juu ya matofali manne, mbali kidogo na ukuta, mahali pasipo jua, kwa sababu karatasi ya gazeti hugeuka njano na kuvunjika upesi ikipigwa na mwanga. Mara moja moja siku za kiangazi tunalifungua lipate hewa.

Jarida zima huwa halihitajiki. Mara nyingi mtu anataka ukurasa mmoja tu: ushauri wa kuzuia mnyauko wa migomba, namna ya kukata kola, hotuba aliyoipenda. Kata ukurasa huo, andika pembeni jina la gazeti na tarehe, uuweke katika jalada. Usipoandika tarehe, baada ya miaka mitano hutajua kama ushauri huo ni wa jana au wa zamani. Ushauri wa dawa za shamba na za hospitali uliopitwa na wakati ni wa hatari. Huo usitunzwe kwa mapenzi.

Kuhusu yanayotoka sina mengi. Magazeti ya kawaida, yasiyong'aa, yakichanwa na kufunikwa na majani huoza vizuri kibanjani chini ya migomba. Yale yenye kung'aa hukawia. Tangu mifuko ya plastiki ilipokatazwa Juni 2019, wenye maduka wanahitaji zaidi karatasi ya kufungia misumari na sabuni, nao hununua. Maandazi na karanga zisifungwe humo, wino si chakula. Na ukiona una mfululizo wa zamani sana, ulio kamili, uliza kwanza maktaba ya mkoa au shule ya karibu kabla ya kuupeleka sokoni.

Katika tranka letu hapakuingia kila kitu. Mume wangu alitoa zaidi ya nusu, na nilishangaa kuona alivyotoa kwa urahisi, nikatambua kwamba aliyeng'ang'ania hakuwa na hofu ya kukosa magazeti, bali hofu ya mimi kuamua peke yangu. Mimi nilitoa majarida sita ya mishono. Mawili niliyarudisha asubuhi yake, na aliniona.

Vikundi vya Umoja wa Akina Mama, na akina baba wanaopenda, wanaweza kuzungumza maswali haya: Je, karatasi za kibanja chako ziko wapi usiku wa leo, na mwenzi wako anajua? Ni kitu gani chako mwenyewe ambacho wengine nyumbani hukizunguka wanapofagia? Na mmoja akifariki, ni nani atakayeweza kuwaeleza watoto kwa nini gazeti fulani lilitunzwa?