MIKONDO YA BAHARI HUHAMA, NA MVUA YA VULI HUIFUATA



Mtu mwenye shamba Nyandarua au Trans Nzoia anaweza kuuliza, bahari ina kazi gani nami? Mombasa iko mbali, zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo mvua ya vuli hutegemea sana mahali yalipo maji yenye joto ya Bahari ya Hindi ifikapo mwezi wa Oktoba, na maji hayo hayakai mahali pamoja. Huchukuliwa na mikondo, na njia za mikondo hiyo huhama. Somo la mwezi huu ni juu ya kuhama huko.

Mkondo ni kama mto upitao ndani ya bahari, ila hauna kingo za udongo. Husukumwa hasa na upepo. Ukitaka kuwaonyesha watoto nyumbani, jaza maji katika karai pana, tia makapi machache ya mahindi, kisha puliza kutoka upande mmoja bila kukoma. Makapi yatakwenda upande wa pili, yatagonga ukingo, na mengine yatazunguka kando kando na kurudi. Sasa hamia upande mwingine upulize tena: njia yote itageuka. Bahari hufanya vivyo hivyo, ijapokuwa mzunguko wa dunia na umbo la pwani pia huipinda njia.

Tuanze karibu na kwetu. Kusini mwa ikweta uko mkondo mkubwa utokao mashariki, hupita kaskazini mwa Madagaska na kugonga bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, upande wa kaskazini wa Msumbiji. Hapo maji hugawanyika. Mengine huenda kusini, mengine hupanda kaskazini yakipita Unguja, Mombasa na Malindi. Tawi hili linalopita kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini likikaribia Lamu mambo hubadilika.

Wakati wa kusi, tangu Mei hivi mpaka Septemba, upepo hulisukuma likavuka ikweta na kuwa Mkondo wa Somalia. Huu ni mmoja wa mikondo yenye kasi kubwa kabisa duniani: huweza kupita kilomita 7 kwa saa, na mtu anayetembea kwa miguu hawezi kuufuata. Njiani maji baridi hupanda kutoka chini, hata karibu na Ras Hafun joto la maji huweza kushuka chini ya digrii 20, ingawa ni nchi ya jua kali. Kisha kaskazi huanza, Desemba mpaka Machi, na Mkondo wa Somalia hugeuka kabisa ukaja kusini. Fikiri Mto Tana ungepanda kurudi Mlima Kenya kila Desemba! Mikondo miwili hukutana uso kwa uso katika bahari ya Kenya, na kwa kuwa haina pa kwenda, yote pamoja hugeukia mashariki. Mahali pa kukutana hapana alama. Mwaka mmoja huwa karibu na Lamu, mwaka mwingine hushuka mpaka upande wa Malindi, kwa kadiri ya nguvu za upepo.

Watu wa pwani hawahitaji karani wa kilimo awafundishe haya. Kwa karne nyingi manahodha wa majahazi walikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Sasa tuje kwenye mkondo unaomhusu mkulima zaidi. Kati ya majira hayo mawili, yaani Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba, upepo juu ya ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hapo huzaliwa mkondo mwembamba wenye nguvu, unaokwenda kutoka upande wetu mpaka Sumatra. Mtaalamu Klaus Wyrtki alieleza habari zake mwaka 1973. Kazi yake ni kutuondolea maji yenye joto na kuyalundika Sumatra, na mawingu makubwa hukaa yalipo maji hayo.

Lakini iko miaka ambayo upepo wa mashariki hushika tangu Juni au Julai. Maji baridi hupanda karibu na Sumatra, na ule mkondo wa Oktoba huwa dhaifu au hukosekana. Maji yenye joto hubaki kwetu. Hewa juu yake hujaa unyevu, nao upepo huuleta bara. Mwaka 1999 Saji na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Japani, waliieleza hali hii na kuipa jina la Daipoli ya Bahari ya Hindi. Ni kama mizani: upande huu ukipata joto, ule hupoa. Na mizani ikiinama upande wa pili, maji yenye joto huzidi kwenda Sumatra, nasi hubaki na vumbi.

Watu wengi huita kila mvua kubwa El Niño. Si sawa. El Niño ni jambo la Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikuja pamoja, na barabara na madaraja yakachukuliwa. Lakini mwaka 1961 hapakuwa na El Niño, na bado ukame ulifuatwa na mafuriko. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya meta 2 kufikia 1964. Vuli ya 2019 pia ilikuwa kazi ya bahari yetu wenyewe, na Novemba hiyo milima iliporomoka Pokot Magharibi na kuua watu. Mwaka 2022 mizani iliinama kinyume, na katika maeneo kame ikawa vuli nyingine tupu baada ya misimu iliyokwisha kushindwa.

Hatari haifanani kila skimu. Mkulima wa Makueni hutegemea vuli kuliko masika. Kwake mwaka wa maji yenye joto ni baraka, mradi matuta yametengenezwa mapema. Lakini Trans Nzoia mahindi yaliyopandwa Machi huvunwa Oktoba na kuendelea, na mvua hiyo hiyo huyakuta shambani au uani. Huota ukungu wenye sumu, na gunia la namna hiyo halifai kwa mtu wala kwa kuku. Aliyesikia mapema huvuna mara mahindi yanapokomaa, huwa na turubai tayari, na hakazi kamba ya gunia mpaka unyevu umeshuka kufika asilimia 13 hivi. Wa viazi Nyandarua naye huweka dawa ya baka karibu.

Usitafute habari za masika katika mizani hii. Hukomaa Septemba mpaka Novemba, na kwa kawaida imekwisha kulegea kabla ya Machi. Maboya na setilaiti huanza kuonyesha dalili zake tangu Julai, na utabiri wa vuli wa Idara ya Hali ya Hewa hutolewa kabla ya mvua kuanza. Mwulize Bwana Shamba wa wadi yako mwanzoni mwa Septemba, kabla hujanunua mbegu.